Suti ya Kalenga

Mwezi uliopita nilikaa kilioni huko Kampemba chini ya picha niliyoitengeneza mwenyewe, na niliipa kisogo makusudi. Mama Astrida, mjane wa Kalenga, alikuwa amezikwa asubuhi ile. Sebule ilikuwa imetolewa makochi yote, wanawake tumeketi juu ya mikeka, bukari, ugali wetu, inapita katika mabeseni na sombe yake ya majani ya muhogo, na kila aliyeingia aliinua macho ukutani kabla ya kutusalimu. Mama mmoja kando yangu alimwambia mwenzake, "Ule njo bwana yake. Alikufia mu shimo, mwili haikutoka. Angalia vile alikuwa muzuri!" Mwenzake akaangalia, akasikitika, akasema kweli alikuwa mzuri. Mimi nilirudisha tonge langu katika beseni. Uso ule si wa Kalenga. Mwili ni wake, suti ni yake, mikono ni yake, lakini uso niliutunga mimi kwa siku mbili, katika ule mwaka ambao mgodi uliachisha watu kazi, na kwa zaidi ya miaka ishirini sikumwambia hata padri.

Nilikuwa nikitafuta viatu vyangu mlangoni, nitoroke, Bijou aliponikamata. Bijou ni mtoto pekee wa Kalenga na Astrida. Baba yake alipokufa alikuwa hajaanza shule. Sasa ni mwalimu, mwanamke mrefu, sauti ya chini. "Mama Odette, niko na kazi kwako," akaniambia. "Tunajenga kaburi ya mama. Minataka kuweka na photo ya papa pembeni yake, ile ya kuchora mu jiwe." Nikamwambia aje karakana yangu ya picha Jumatatu. Angeweza kuja kesho yake, sikuwa na kazi yoyote. Lakini nimekuwa mtu wa kusogeza siku tangu ujana, na watu wa nyumba ile wamenigharimia tabia hiyo kuliko watu wote. Nilirudi nyumbani kwa miguu huku nikijua mambo mawili: kwamba uso wa uongo ungechongwa katika jiwe juu ya kaburi la mwanamke wa kweli, na kwamba mtu pekee wa kuuzuia ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa mwalimu pekee wa kompyuta za picha na video katika mtaa wetu mzima, cheo ambacho kilinivimbisha kichwa kupita kiasi. Kazi niliisomea Ndola, ng'ambo ya mpaka, miezi minane katika studio ya harusi. Tajiri wangu alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kanisa na wa jumla-jumla: ndoo, mabeseni, viti vya plastiki, mifuko. Kompyuta zetu mbili alizipitisha mpakani Mokambo zikiwa zimefungwa kati ya magodoro, akaziweka katika chumba cha nyuma ya depo yake, akaziombea kwa Mungu kama anavyoombea lori jipya. Chumba kilinuka plastiki mpya kutoka alfajiri mpaka jioni. Mpaka leo nikiingia duka la mabeseni, naziba pua, na wajukuu wananicheka. Huko nje mji ulikuwa unabomoka taratibu. Ving'ora vya mgodi, ambavyo zamani vilitupangia saa za kula, vilikuwa vimenyamaza. Kaskazini kulikuwa na vita, ndege za askari zilipita juu ya mabati yetu zikienda kushuka uwanja wa Luano, na baba za watu, waliozoea kuamka saa kumi na moja kwenda kazini, waliendelea kuamka saa kumi na moja na kukaa tu barazani wamevaa viatu.

Umeme ulikuwa unakuja pale unapotaka, kwa hiyo nilibuni njia yangu ya kufundisha bila umeme. Nilichukua mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, kutoka depo. Katika mfuko mmoja ninaweka picha ya mandhari, katika wa pili picha ya suti niliyokata gazetini, katika wa tatu kichwa. Mifuko ikiwekwa mmoja juu ya mwingine, mtu anatokea mzima. Ukivuta mmoja, anabaki bila kichwa au bila mahali. Hivyo ndivyo picha inavyokaa ndani ya kompyuta, niliwaambia wanafunzi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni lako kuharibu. Umeme ukirudi tunakimbilia mashine. Na ukutani, juu ya mashine zote mbili, niliandika kwa herufi nyekundu maneno mawili ya Kifaransa yaliyokuwa katika programu yetu: Enregistrer sous. Maana yake, usihifadhi kazi yako juu ya picha ya asili. Tengeneza nakala kwanza, uipe jina lingine, kisha fanya unavyotaka. Aliyesahau alifagia chumba. Walifagia sana.

Wanafunzi walikuwa watatu. Fifi, msichana aliyetaka kupiga video za harusi. Papa Zéphirin, karani wa zamani wa mgodi, aliyevaa miwani mbili moja juu ya nyingine. Na Kalenga, fundi umeme wa mgodi, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyeachishwa kazi pamoja na wengine na kuamua kwamba dunia mpya iko ndani ya kompyuta. Siku ya kwanza alikuja amevaa suti yake ya harusi, ya kijivu, na tai. Fifi alimwuliza kama ametoka kuoa. "Masomo ni masomo," akajibu, "hata kama mwalimu ni mutoto." Alikuwa na mikono mikubwa, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikosa ncha, mashine ya karakana ilikula. Kipanya cha kompyuta kilipotea ndani ya kiganja chake. Alikibonyeza kwa uangalifu wa mtu anayeshika yai, akakosea, akaomba radhi kwa mashine, si kwangu.

Kilichotulisha hakikuwa masomo wala harusi. Kilikuwa vilio. Kwetu marehemu lazima awe na picha yake kubwa: inakaa kwenye kiti sebuleni siku zote za kilio, watu wanaisalimu, kisha inatangulia mbele ya jeneza. Lakini waliokuwa wanakufa mwaka ule walikuwa na picha za beji za kazini tu, au picha ya ubatizo wamesimama nyuma ya wengine, mtu kavaa fulana iliyochanika. Watoto walitaka baba aende akiwa na heshima. Basi tulikata kichwa, tukakipandisha juu ya mwili wenye suti. Mwanzoni tuliiba suti katika magazeti, na wazee wetu wakatoka na mabega ya wachezaji wa sinema. Papa Kambale ndiye aliyesema tupate mwili wa hapa. Macho yote yakamgeukia Kalenga.

Tulimketisha katika kiti cha plastiki cha depo, tukakifunika kitenge, mikono juu ya magoti. Nilipiga picha kwa kamera ya Papa Kambale. Nikataka kumpangia mkono wa kulia ufunike ule wa kushoto, akakataa. "Leka kidole yangu, Madame. Ile njo signature yangu." Malipo yake aliyataja mwenyewe: picha moja kubwa, nzima, ya kumpa mke wake, kwa sababu walipohama kutoka nyumba za mgodi, mvua iliwakuta njiani na mkokoteni wa pusipusi, na albamu yao yote ikagandana ikawa tofali moja la karatasi. Beji yake alikwisha kuirudisha getini. Nilimwambia, "Hiyo tu? Kesho utaipata." Kisha nikafungua picha yake kwenye mashine mbele ya darasa, nikaanza kuwaonyesha namna ya kutoa kichwa shingoni bila kuharibu kola. Kalenga alisimama nyuma yangu. "Madame, unanikata kichwa na miye niko naangalia!" Tulicheka mpaka Papa Kambale akaja kuuliza nani ameuza nini. Na mimi, katika kicheko kile, nikijua umeme unaweza kukatika wakati wowote, nikabonyeza kuhifadhi. Kuhifadhi tu, bila kutengeneza nakala. Sekunde chache baadaye umeme ulikatika kweli, nikajipongeza kwa wepesi wangu.

Mganga hajigangi. Niligundua siku mbili baadaye: picha ya asili ilikuwa haina kichwa tena, na kadi ya kamera Papa Kambale alikwisha kuifuta ili kupiga ubatizo. Sikushtuka. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo, kwamba sikushtuka hata kidogo. Nilifikiri, si mtu mwenyewe yupo? Atavaa suti yake tena, tutapiga nyingine. Lakini mwalimu aliyeandika ukutani kwa herufi nyekundu hakutaka kuwaambia wanafunzi wake kwamba leo ni zamu yake kufagia. Kwa hiyo Kalenga alipouliza picha yake, nilimwambia wino umekwisha. Aliuliza tena juma lililofuata, nikasema wino uko njiani. Mara ya tatu alileta chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, kipande kizuri chenye pilipili, amekifunga katika karatasi ya daftari lake la masomo. "Ya kukumbusha wino," akasema, akacheka. Nilikila chote. Ahadi ni deni, nasi sote tunaisema hiyo methali midomo ikiwa imejaa.

Baada ya hapo hakuja tena darasani. Papa Zéphirin alisema amekwenda kuchimba na vijana huko njia ya Likasi, katika mashimo ya watu binafsi, kwa sababu kompyuta haijazi sufuria. Nilisema, "Atarudi." Huku nyuma tulimfanyisha kazi. Mwili wake tuliuvika vichwa vya wafu wa mtaa mzima: makatekista, wauza mkaa, wakuu wa karakana, mpaka kuna siku nilipita barabara moja na kumkuta katika vilio viwili vya majirani, pande mbili za njia. Watu hawakuona. Mwenye msiba anaangalia uso. Mama mmoja tu ndiye aliyerudi na picha, akasema, "Mais bwana yangu alikuwa na vidole yote kumi." Nikamrekebishia yeye peke yake.

Astrida alikuja mchana, saa ile ya joto depo inapokuwa tupu, amefunga kitenge kiunoni kwa namna ya mtu ambaye msiba umemkuta jikoni. Alikuja na shemeji yake, Mwamba, mdogo wa Kalenga. Hakulia. Alisema shimo lilianguka siku tatu zilizopita. "Banasema udongo iko muzito, habawezi kumutoa. Banaweka tu musalaba pa juu." Papa Kambale akavua kofia. Kisha Astrida akanigeukia na uso wa mtu anayejua anachokifuata. "Alikuwa ananiambia: photo yangu kubwa iko kwa Madame, iko tayari, ni wino tu. Basi tunakuya kuichukua. Hatuko na mwili, tutalilia photo." Nilitazama ukuta, na ukuta ulikuwa na maandishi yangu. Nikamwambia, "Mama, kesho kutwa." Nikamwomba Mwamba abaki kidogo.

Nilipiga picha uso wa Mwamba kutoka pande zote. Kisha nikawaambia wanafunzi ukweli, kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyenicheka. Tulianza kumtafuta Kalenga ndani ya uso wa mdogo wake. "Pua ilikuwa mupana kuliko hii," akasema Fifi. "Apana, pua ni ileile, ni mashavu njo ilikuwa minene," akasema Papa Zéphirin, akipandisha miwani zake. Fifi alikumbuka kovu juu ya nyusi ya kulia. Papa Zéphirin aliapa ni ya kushoto. Mwamba, ndugu wa tumbo moja, alisema hakukuwa na kovu. Wakabishana mpaka wakaanza kugombana, kisha wakanigeukia. "Madame, wewe ulikuwa unakaa naye karibu. Sema." Nikafumba macho nimwone. Niliona mikono. Niliona kiganja juu ya kipanya, kidole kifupi kinavyopapasa meza, kucha zenye weusi wa miaka mingi ya nyaya. Miezi mitano nilikaa kando ya mtu yule na sikuwa na uso wake, kwa sababu mwalimu wa kazi hii anaangalia mkono wa mwanafunzi na anaangalia kioo cha kompyuta, basi. Nililia palepale mbele yao. Kisha nikaendelea, kwa sababu kesho kutwa haikusogea: macho ya Mwamba nikayazeesha, mashavu kama alivyosema Papa Zéphirin, pua kama alivyosema Fifi, na kovu sikuliweka.

Astrida alipopokea picha aliiangalia muda mrefu sana. Nilisikia wapakuzi wa Papa Kambale wakihesabu ndoo upande wa pili wa ukuta. Hakugusa uso. Aliweka kidole gumba chini kabisa ya picha, kwenye magoti, akakiacha pale. Akasema, "Aksanti, Madame. Mulimufanya muzuri." Mwamba alitazama chini. Walipotoka nilijiambia kwamba amedanganyika, Mungu ni mwema, na hata sauti yangu ya ndani haikuniamini.

Ningekuwa mtu, ningeacha kuutumia ule mwili. Sikuacha. Watu waliendelea kufa na njaa iliendelea kuuma, na Papa Kambale alisema suti ni suti. Hapo ndipo Astrida alipoanza kunifuata. Nikienda kupeleka picha kilioni, namkuta amekwisha kukaa mkekani, na Bijou mgongoni au kando yake. Kwa mkatekista, yupo. Kwa fundi baiskeli ambaye nina hakika hakumjua, yupo, anaangalia picha na kulia kuliko watoto wa marehemu. Hakunisemesha neno. Niliamini ananihukumu, kwamba amechagua kunitesa kimyakimya kila mahali nilipomuuza mumewe. Nilianza kuota mtu wa suti ya kijivu anabisha mlango, nikifungua hana kichwa, ananyosha mkono aombe picha yake. Mwaka ulipokwisha nilimwacha Papa Kambale, nikafungua karakana yangu mbali, na kwa miaka ishirini sikukanyaga mtaa wa Astrida hadi alipokufa.

Jumatatu Bijou alifika mapema kuliko tulivyopatana. Nilikuwa nimeifungua ile picha, nimeukuza uso mpaka ukajaa kioo kizima, na katika ukubwa ule niliona kila mshono: hapa Fifi, hapa Zéphirin, hapa Mwamba, ambaye sasa naye ni marehemu. Sikumkaribisha hata maji. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia kicheko mpaka wino mpaka chikanda. Nikamwambia, "Unaweza kunitukana. Sitajibu."

"Mama alijua," Bijou akasema. "Tangu siku ile ya kwanza. Aliniambia nikiwa na miaka kumi na mbili. Alisema: uso ni ya Madame, lakini mikono ni ya papa yako." Akavuta kiti, akakaa kabla sijamwambia. "Unakumbuka tulikuwa tunaenda ku bilio ya batu hatuwajue? Miye nilifikiri tunafwata bukari. Kumbe mama alikuwa anasikia tu: fulani anakufa, photo yake inatoka kwa Madame. Anafunga kitenge, tunaenda. Anakaa karibu, anaangalia mikono. Alisema, banakatala kunipa mwili yake, lakini iko mu nyumba ya batu, nitaenda kuilia kulekule." Akaangalia uso ule kwenye kioo. "Alitaka kukuambia aksanti. Mais kila mara anakuona, wewe unakimbia."

Nilikaa. Miaka ishirini na zaidi nilimkimbia mwanamke aliyekuja kulia mikono ya mume wake, nikidhani analia dhambi yangu.

"Kwa hiyo pa jiwe sitaki uso," Bijou akasema. "Minataka mikono tu. Na kidole yake vilevile. Uko nayo ile ya kwanza, yenye haina kichwa?"

Nilikuwa nayo. Kila mashine iliyokufa mikononi mwangu, picha ile niliihamisha kwenda nyingine kabla ya kitu kingine chochote, na tangu nilipomwacha Papa Kambale sikuwahi kuifungua. Niliifungua. Suti ya kijivu, tai, kiti cha plastiki kikichungulia chini ya kitenge, kola nyeupe na juu yake hakuna mtu. Bijou hakushtuka. Alisogea, akanyosha mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya kioo, kidole chake kidogo juu ya kile kifupi, naye ana mikono mikubwa, sikuwa nimeona.

"Njo yeye," akasema.

Akauacha mkono pale. Nikasubiri mpaka alipouondoa mwenyewe, na kabla ya kugusa chochote, nikatengeneza nakala.